Damu Iliyorudi

Hedhi yangu ilikoma nikiwa na miaka arobaini na sita, na nilifurahi. Sisemi uongo. Kwa mwalimu anayesimama mbele ya watoto sitini tangu asubuhi mpaka saa nane, na choo cha shule kiko ng'ambo ya uwanja, kukoma ni likizo. Nilivikunja vitambaa vyangu, nikavifunga ndani ya kanga kuukuu na kuvisukuma chini kabisa ya sanduku. Mwaka ukapita, na wa pili. Nikajihesabu kuwa nimemaliza.

Halafu asubuhi moja, mwaka ule tuliohamishiwa kijijini, nilitandika kitanda nikaona damu kwenye shuka. Ilikuwa kidogo, labda upana wa sarafu mbili. Nilikaa juu yake haraka, ingawa chumbani nilikuwa peke yangu.

Lazima nieleze tulivyokuwa tukiishi kabla ya hapo. Kwetu ni upande wa Kibondo, juu ya kilima, nyumba imezungukwa na migomba, na jirani wa karibu ukimwita kwa sauti anasikia nusu. Nyuma ya nyumba kubwa palikuwa na kibanda changu. Katika ukoo wetu, binti yako wa kwanza akishajifungua, wewe mama unahamisha mkeka. Ndivyo tulivyosema, kuhamisha mkeka. Unamwachia mume nyumba yake, unalala na wajukuu, na mambo yenu ya mume na mke yanaishia hapo. Mama akiendelea, walisema, mbegu ya mume haina tena pa kwenda, inabaki tumboni na kuoza. Mimi nilikuwa na cheti cha ualimu. Nilikuwa nimefundisha mwili wa binadamu kwa picha ya ukutani, nikigonga kwa fimbo moyo, ini na figo. Lakini binti yangu alipojifungua nilihamisha mkeka siku ya tatu bila ubishi, na mume wangu mwenyewe ndiye aliyenijengea kibanda.

Sikuwa nimemchoka. Hilo sijawahi kulisema mahali popote, kwa hiyo naliandika hapa. Mume wangu alikuwa mrina asali. Alikaa porini wiki mbili, tatu, akarudi ananuka moshi na nta, na kwa miaka sita nilimsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta wa udongo nikageuka na kulala. Nilikuwa na hasira, ila sikujua ni ya nani, basi nikawamalizia wanafunzi.

Kisha wakaja viongozi na kamba ya kupimia. Kila kaya kiwanja kimoja, kila kiwanja nyumba moja, milango yote itazame barabara. Tuliteremka kilimani na mabati matatu, mbuzi, sanduku langu na mizinga yake. Nyumba tuliyojenga kwa haraka kabla mvua haijashika ilikuwa na vyumba viwili. Kimoja tuliwapa wajukuu wawili na magunia ya maharagwe. Cha pili kilikuwa chetu. Hakuna kiongozi aliyeuliza nani amehamisha mkeka na nani bado.

Miezi ya kwanza tulilala tumepeana migongo kama abiria wasiojuana. Baridi ya milimani ilipoingia tukageukiana. Sitaeleza zaidi, wajukuu zangu wanajua kusoma. Nitasema tu kwamba asubuhi yake tulishindwa kutazamana machoni tukinywa uji, na aliponiita "mwalimu" kwa sauti ya utani nilicheka mpaka nikapaliwa. Nilikuwa na miaka arobaini na minane na nilijisikia mwizi.

Ila iliuma.

Hapa napo lazima nieleze. Kwetu, msichana kabla ya kuolewa alikaa na shangazi yake, na somo kubwa la shangazi lilikuwa maji. Mwili wa mwanamke utoe maji. Shangazi yangu alinifundisha namna ya kukaa, namna ya kupumua, majani gani ya kutafuna, na akaniambia waziwazi kwamba mwanamke mkavu anaitwa jiwe na anaweza kurudishwa kwao. Mimi sikuwa jiwe. Sifa hiyo nilitembea nayo ujana wangu wote, na nilijivuna nayo kuliko cheti. Sasa, baada ya miaka sita ya kibanda, nilikuwa kama njia ya kiangazi. Nilikaza meno.

"Nimekuumiza?" aliuliza mume wangu.

"Hapana."

Mara ya tatu ndipo ilipotoka ile damu.

Siku hizi nafikiri bibi zetu wote walikaukia vibandani mwao, kila mmoja peke yake, bila mtu kujua na wao wenyewe bila kujua. Mkeka uliwasitiri. Lakini wakati ule sikufikiri hivyo hata kidogo. Wakati ule nilimfikiria shangazi.

Shangazi yangu huyohuyo hakuwahi kuhamisha mkeka. Alimpenda mumewe na alikuwa na mdomo, akasema atahama siku ya kufa. Siku zake zilikoma, kisha damu ikarudi. Ilianza kidogo, ikazidi, kisha ikaja harufu. Mwaka wake wa mwisho, hakuna aliyeingia chumbani mwake bila kujifunika pua kwa kanga. Nilikuwa mwalimu kijana nilipokwenda kumwona. Alikuwa amebaki macho tu. Wanawake waliokaa nje wakimenya ndizi za msiba kabla msiba haujatokea walisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mbegu zimemwozea, kwa nini hakuhamisha mkeka. Aliwasikia. Mimi niliyekuwa kando ya kitanda niliona kwamba amewasikia.

Kwa hiyo nilipoiona damu yangu nilijua kitu kimoja tu, kwamba nakufa, na kwamba kila atakayekuja kunizika atajua nimekufa kwa sababu gani.

Niliogopa. Nimewahi kuogopa chui, nimewahi kuogopa mto uliofurika na mtoto mgongoni, lakini hofu hizo zilikuwa na mwisho. Hii niliamka nayo na kulala nayo. Nilikuwa naandika ubaoni, chaki inasimama katikati ya neno, nasikiliza tumbo langu. Niliacha kukaa karibu na watu. Nilijinusa. Nilivaa kanga mbili ndani ya gauni, nikasingizia baridi. Mume wangu aliponigusa bega nilisema nimechoka, na mara ya nne hakunigusa tena. Akaanza kwenda kwenye mizinga hata pasipo na asali ya kurina. Nikaona basi, amekwisha kujua mimi ni jiwe, huko porini atapitia kwa mwanamke mwingine.

Tulikuwa hatugusani tena, lakini damu haikukata. Ilipotea siku kumi, yakaja matone mawili. Nilivitoa vile vitambaa chini ya sanduku. Sasa, kule kilimani ningevianika nyuma ya migomba na asingeona hata kunguru. Kijijini kamba ya nguo ilikuwa mbele ya nyumba, na nyumba ya pili ilikuwa hatua kumi. Kila mtu alijua shuka zako zina viraka vingapi. Mwanamke mwenye wajukuu akianika vitambaa vya hedhi, kijiji kizima kina habari kabla havijakauka. Nilivifua alfajiri kisimani kabla ya wenzangu, nikavipeleka shuleni ndani ya mkoba wa vitabu na kuvitandaza kwenye kabati la chaki, nikalifunga kwa kufuli. Siku nzima nilifundisha nimelitazama lile kabati. Mwanafunzi akiinuka kwenda upande ule, namwamuru aketi.

Jirani yangu wa hatua kumi alikuwa mwanamke wa rika langu, naye bibi, naye ameteremshwa kilimani na kurudishwa chumba kimoja na mumewe. Jioni alikuja kwenye darasa langu la watu wazima. Kati ya wanawake kumi na wanane yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusoma sentensi nzima, na alipoisoma alitazama huku na huku kama anataka kumjua aliyesema. Nilimpenda, lakini macho yake yalikuwa makali mno kwa hali yangu.

Asubuhi moja alinikuta njiani natoka kisimani, bado giza jepesi, akanisalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, mwalimu."

"Mwakeye."

"Siku hizi unafua mapema."

"Kazi nyingi."

"Nami nafua mapema," akasema, akasimama, kama mtu aliyeweka kitu chini anasubiri ukiokote.

Nilimpita. Nilimchukia mchana kutwa. Nilidhani ananichunguza.

Mwezi uliofuata nikaitwa Kasulu, kwenye semina ya wiki mbili ya walimu wa kisomo, pale chuo cha ualimu. Nilipanda basi Kibondo nimekalia kanga iliyokunjwa mara nne, na kila shimo la barabara lilinipitia tumboni. Nilikuwa nimeamua. Kibondo nisingethubutu kwenda hospitali, nusu ya wahudumu nimewafundisha kuandika majina yao. Kasulu hakuna anayenijua.

Siku ya kwanza nilitoroka semina wakati wa chai. Nilipanga foleni kati ya akina mama wenye watoto wachanga. Karani wa dirishani alikuwa kijana mwenye sauti ya kuuzia ng'ombe.

"Mama, unaumwa nini?"

Foleni nzima ikanigeukia, au niliona hivyo.

"Kichwa," nikasema.

Nikapewa aspirini nne. Nilirudi nazo bwenini nikazitazama nikalia. Nilizimeza pia, sijui kwa nini.

Siku ya pili nikaenda tena, karani akauliza tena, nikasema kichwa tena. Siku ya nne, kichwa. Nilikuwa mwanamke mwenye kichwa kigumu kuliko wote wilayani. Hapo akatoka mkunga mmoja, mtu wa Tabora, mnene, nywele zimeanza kuwa nyeupe chini ya kofia. Alikuwa ameniona mara zote tatu. Akanishika mkono wa juu, kama unavyomshika mtoto anayetaka kukimbia, akanipeleka nyuma ya pazia.

"Mama, hiki kichwa kinakuuma wapi?"

Nikaonyesha chini kwa kidole.

"Damu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Siku zako zimekoma lini?"

"Mwaka wa pili huu."

Hakushtuka. Alinawa mikono. Nililala juu ya kile kitanda cha chuma nikajifunika uso kwa kanga, jambo ambalo halina maana, kwa sababu si uso uliokuwa unatazamwa. Kifaa kilikuwa baridi. Niliuma ncha ya kanga. Alitazama muda mrefu, kisha akasema neno lililonimaliza: "Ngoja nimwite daktari naye aone." Hatua zake zilipotoka nilihesabu miti ya paa, nikafika kumi na moja, nikaanza upya. Nilimwona shangazi na macho yake. Nilipanga nani atachukua darasa langu, nani atapewa sanduku. Kitu kilichonitia uchungu kuliko vyote ni kwamba nitakuwa nimempa mume wangu aibu, kwamba kwenye mazishi watu watamtazama yeye.

Daktari alitazama, akauliza maswali matatu, akaondoka. Mkunga akaniinua nikae.

"Mlango wa kizazi ni safi," alisema. "Hakuna uvimbe, hakuna kidonda kibaya. Ngozi ya ndani imekonda na kukauka, ndiyo inayochanika na kutoa damu. Mwili ukiacha hedhi hukauka, hata wangu umekauka. Hujalogwa."

"Na mbegu?" Niliuliza. Ndiyo, mwalimu wa cheti niliuliza.

"Mbegu gani?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, na kwa hilo nitamshukuru mpaka nife. Akasema mbegu haiozi tumboni mwa mtu, na kwamba wengi anaowaona wakifa kwa damu na harufu wamekufa kwa kansa ya mlango wa kizazi, iliyokuwa kidonda kidogo cha kuonekana mapema kama mtu angetazama. "Ndiyo maana nimetazama," akasema. Kisha akainua kidole, kama ninavyofanya mimi darasani. "Sikiliza vizuri. Mwanamke aliyekoma akitoa damu, hata tone, asikae nyumbani akajitibu. Atazamwe kwanza. Wewe ni ukavu; mwingine damu hiyohiyo ni kansa, na kwa macho ya nje hazitofautiani. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Paka mafuta ya nazi safi, na mumeo awe na subira. Baada ya miezi miwili rudi nitazame tena."

Mafuta niliyanunua mjini, kwenye duka la Mwislamu mmoja mwenye asili ya pwani. Mke wake ndiye aliyenipimia. Aliuliza kama ni ya kupikia au ya kujipaka, nikasema ya kupikia, akacheka kidogo akaniongezea chupa ya pili. Nilitembea kurudi chuoni kwa miguu ambayo haikuwa na uzito. Jioni ile nilikula sahani mbili za ugali.

Mume wangu nilimwambia siku niliyofika nyumbani, tukiwa shambani, nikiwa nimempa kisogo kwa aibu. Akasema alikuwa akienda porini kwa sababu aliiona ile damu kwenye shuka kabla yangu, akajua amenichana, na hakujua mwanaume anamwomba vipi mkewe msamaha wa jambo la namna hiyo. Wiki zote zile nilizokuwa nikimpa mwanamke mwingine kichwani mwangu, alikuwa amekaa chini ya mizinga akiogopa kama mimi. Damu ilikoma. Baada ya miezi miwili nilirudi Kasulu, mkunga akatazama, akasema vizuri. Mengine ni yetu.

Ningependa kuishia hapo.

Katikati ya ile miezi miwili, siku moja baada ya kisomo, jirani yangu alibaki nyuma akijifanya anafuta ubao. Wenzake walipotoka akasema bila kugeuka, "Mwalimu, hivi damu inaweza kurudi?"

Nilijua mara moja. Nilikumbuka ile asubuhi ya kisimani, nikaelewa alichokuwa amekiweka chini nikiokote. Aliogopa kama nilivyoogopa mimi, na mimi nilikuwa na jibu, jibu lote, neno kwa neno, kutoka kwa mkunga.

"Inarudi ukiwa na mzee?" nikauliza.

"Hata bila yeye. Ila akinigusa inazidi."

Na hapa ndipo nilipokosea. Nimeupindua wakati ule mara nyingi, na kila nikiupindua nakuta jambo lilelile. Ili nimwambie akatazamwe, ingebidi nimwambie nimetazamwa. Nimejilaza, nimefunuliwa, daktari mwanaume ameitwa. Na kwa nini? Kwa sababu mimi na mzee wangu, wenye wajukuu sita, bado. Jirani yangu huyu angeyajua hayo, na alikuwa na dada, na dada alikuwa na mdomo. Hofu ya kufa ilikuwa imenitoka, lakini ile ya kujulikana haikuwa imetoka hata kidogo.

"Kuna mama mmoja wa Kasulu," nikasema, "nilisikia alikuwa na hali hiyohiyo. Ni ukavu tu. Umri wetu huu mwili unakauka, hauna ubaya, hujalogwa. Alipaka mafuta ya nazi akapona."

Nikampa chupa yangu ya pili. Akaipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akaniambia hajui ni usiku ngapi hajalala. Alitoka darasani anaimba. Nami nilijiona mwema. Nilijiona nimemsaidia mtu bila kumfedhehesha mtu, na nikafunga mlango.

Alipaka. Nilikuwa nikiona kamba yake haina vitambaa nikajua amepona, nikasahau kwamba hata mimi kamba yangu haikuwa na vitambaa. Tulivuna mahindi, tukavuna maharagwe. Alikonda, akasema ni kazi. Akaanza kukosa kisomo, mara moja, mara mbili, kisha wiki nzima. Nikaenda kumwona. Mlangoni tu, kabla sijasema hodi, nikasimama.

Ile harufu naijua. Nilikuwa nimekaa nayo kando ya kitanda cha shangazi. Wazo langu la kwanza, Mungu anisamehe, lilikuwa kukimbia kabla hajaniona.

Sikukimbia. Nilimwambia mumewe akodi lori la ushirika siku hiyohiyo, nikapanda naye nyuma, kichwa chake mapajani mwangu juu ya magunia matupu. Hospitali ya Kibondo walimtazama. Daktari akaniita nje akiniona ndiye msomi, akasema ni kansa, imekwisha kusambaa, hawana la kufanya zaidi ya kumpunguzia maumivu. Akauliza, kwa ukali kidogo, kwa nini tumemweka nyumbani karibu mwaka mzima. Nilisema hatukujua. Alinitazama, akarudi ndani.

Nilimwuguza wiki tatu, kwa zamu na dada yake, ambaye kumbe hakuwa na mdomo kabisa. Alikuwa mtu wa kunyamaza na kufua. Nilipanguza, nilibadilisha, sikujifunika pua. Kila siku nilikusudia kusema na kila siku nilisema mambo ya kuku na mahindi. Niliogopa. Baada ya yote yale bado niliogopa, na sasa niliyekuwa namwogopa ni mwanamke mwenye uzito wa mtoto, asiyeweza kugeuka mwenyewe kitandani.

Mchana mmoja dada yake ameteremka kufua, alifungua macho akanitazama muda mrefu.

"Mwalimu. Yule mama wa Kasulu, yuko hai?"

"Yuko hai."

"Alipona kwa mafuta tu?"

Nilikuwa nimeshika bakuli la uji. Nililiweka chini.

"Alipimwa kwanza," nikasema. "Walimtazama ndani, wakaona hana ugonjwa, ndipo wakampa mafuta. Walimwambia mtu asipake kabla hajatazamwa."

Alifumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akanyoosha mkono juu ya blanketi, akanishika kidole kimoja, bila nguvu.

"Ni wewe," akasema.

"Ndiyo. Ni mimi."

"Mafuta ulinipa," akasema polepole, kama alivyokuwa akisoma sentensi zake ubaoni, neno moja moja mpaka nukta. "Kupimwa hukunitajia."

Hakuniachia kidole. Tulikaa hivyo mpaka dada yake akarudi na nguo.